Uzuri wa mkakasi: tuulize kasi ya kilichomo ndani ya kipakatalishi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sidhani kuna methali inayofaa zaidi kutundikwa juu ya milango ya maduka yauzayo vipakatalishi, hasa vile vyembamba vya bei ya juu ambavyo vimekuwa fahari ya wenye uwezo na ndoto ya wasio nao. Mnunuzi huombwa akiinue kwa vidole viwili ahisi wepesi wake. Huonyeshwa ung'avu wa kioo na ulaini wa bati lake la alumini. Kisha hutajiwa nambari moja tu kuhusu hifadhi iliyomo ndani: gigabaiti 256, au 512. Hapo hulipa fedha zinazozidi mshahara wa miezi mitatu minne wa wafanyakazi wengi wa nchi hii, akaenda zake kwa furaha.

Nambari hiyo, msomaji, ni ukubwa wa ghala. Haisemi lolote juu ya upana wa mlango wake. Ghala likiwa kubwa na mlango ukawa mwembamba, wapagazi watapigana vikumbo mlangoni na mzigo utachelewa. Na ukweli ambao wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba vipakatalishi viwili vyenye sura moja, jina moja na ukubwa mmoja wa hifadhi vinaweza kuwa na milango inayotofautiana sana, kimoja kikawa na kasi maradufu ya kingine. Jambo hilo limetokea zaidi ya mara moja, na limetokea kwa kampuni zenye majina makubwa. Ndiyo sababu naona inafaa tulizungumze hapa bila haya, kwa kuwa fedha zinazoliwa ni zetu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kwa miaka mingi tarakilishi zilihifadhi kazi zetu katika diski ya sumaku izungukayo kama sahani ya santuri, huku mkono mdogo wa chuma ukipepea juu yake kutafuta palipoandikwa habari inayotakiwa. Mkono huo una safari ya kwenda na kurudi, na kila safari huchukua takriban milisekunde kumi au zaidi. Kwa binadamu huo ni muda wa kupepesa jicho, tena usiotimia. Kwa tarakilishi ni milele, kwa kuwa kufungua programu moja tu huhitaji maelfu ya safari kama hizo.

Diski ya aina mpya, ile ambayo wauzaji na wanunuzi huiita kwa herufi zake tatu, SSD, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu. Asili ya chipu hizo ni uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo imo katika vipakatalishi vyetu leo, ilitangazwa ulimwenguni mwaka 1987. Humo habari haitafutwi kwa mkono wa chuma. Huitwa kwa umeme, ikaitika katika sehemu ndogo mno ya milisekunde. Hakuna kitu kinachozunguka, hakuna kinachovuma, na kikianguka hakuna sahani ya kukwaruzika.

Safari ya uvumbuzi huo kuingia katika vipakatalishi vyembamba ina tarehe inayokumbukwa. Mnamo Januari 2008, katika jiji la San Francisco nchini Marekani, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alitoa kipakatalishi kutoka ndani ya bahasha ya ofisini, na ukumbi mzima ukashangilia. Hicho kilikuwa MacBook Air ya kwanza. Lakini ndani ya umbo lile lililoshangaza watu mlikuwa na diski ndogo ya kuzunguka yenye gigabaiti 80, nzito wa mwendo kuliko zile za vipakatalishi vya kawaida. Aliyetaka SSD ya gigabaiti 64 alitakiwa kuongeza karibu dola 1,000. Kwa maneno mengine, mwembamba wa kwanza kusifiwa duniani kote alikuwa, kwa walio wengi, mwembamba mvivu.

Oktoba 2010 kampuni hiyo ililitengeneza upya umbo hilo na kuiondoa kabisa diski ya kuzunguka. Mwaka uliofuata, 2011, kampuni ya Intel ilitangaza mjini Taipei jamii mpya ya vipakatalishi vyembamba vilivyoitwa Ultrabook, na watengenezaji wengine wakaingia uwanjani. Hata hivyo, ili bei isipande mno, baadhi yao walichanganya mambo. Acer Aspire S3 ya mwaka huo, mathalan, iliuzwa katika umbo mojawapo ikiwa na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 320 pamoja na kijichipu cha gigabaiti 20 cha kuharakisha uamkaji wake. Mnunuzi aliyesikia kwamba mashine ina SSD hakuwa amedanganywa moja kwa moja. Alikuwa ameambiwa nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli, ndugu zangu, ndiyo mada yetu.

Mwaka huohuo wa 2011 ulitoa kisa ambacho kingepaswa kutufundisha mapema. Waliopima MacBook Air mpya waligundua kwamba baadhi yake zilikuwa na SSD ya Samsung na nyingine zilikuwa na ya Toshiba. Zile za Samsung zilisoma takriban megabaiti 260 kwa sekunde na kuandika takriban 245. Zile za Toshiba zilisoma takriban 210 na kuandika takriban 155 tu. Kifurushi kilikuwa kilekile, jina lilelile na lebo ileile. Aliyebahatika alipata hii, asiyebahatika akapata ile, wala hapakuwa na maandishi yoyote juu ya sanduku yaliyomjulisha mnunuzi alichokuwa akikichukua. Ununuzi wa bidhaa ya thamani kubwa uligeuka kuwa bahati nasibu.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya kale. La hasha. Mwaka 2022 kisa kilirudi kikiwa kimekomaa zaidi. MacBook Air yenye prosesa ya M2 ilitoka kwa bei ya kuanzia dola 1,199 nchini Marekani, ilhali ile ya M1 iliyotangulia mwaka 2020 ilianzia dola 999. Mtu angetarajia kwamba aliyelipa zaidi angepata zaidi katika kila kiungo cha mashine. Lakini waliopima ile ya gigabaiti 256 walipata kasi ya kusoma ya takriban megabaiti 1,450 kwa sekunde, ilhali ile ya zamani yenye ukubwa huohuo ilifikia takriban 2,900. Mpya ilikuwa nusu ya kuukuu.

Sababu yake ni rahisi kueleweka, na inafaa kila mnunuzi aielewe. Chipu moja ya NAND, peke yake, haina haraka kubwa. Kasi ya SSD hutokana na kidhibiti chake kugawa kazi kwa chipu kadhaa kwa wakati mmoja, kama vile nyapara wa bandarini anavyowapanga wapagazi wawili waupakue mzigo mmoja pamoja. Mashine ya M1 ilikuwa na chipu mbili za gigabaiti 128 kila moja. Ile ya M2 ilikuwa na chipu moja ya gigabaiti 256. Ghala lilibaki na ukubwa uleule, lakini mpagazi mmoja aliondolewa. Kwa mtengenezaji, chipu moja yenye msongamano mkubwa ni jambo la manufaa katika ununuzi na uundaji. Kwa mnunuzi, ni mlango uliopunguzwa upana pasi na taarifa.

Kampuni ilipoulizwa, haikukana. Ilieleza kwamba ilikuwa ikitumia chipu mpya yenye msongamano mkubwa zaidi, kwamba vipimo vinaweza kuonyesha tofauti, lakini kwamba katika kazi halisi za kila siku mashine ya M2 kwa jumla ilikuwa na kasi zaidi ya ile iliyotangulia. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, nami nitayarejea. Lakini zingatieni hili: maelezo yalitolewa baada ya watu kufungua mashine na kuhesabu chipu. Tena mwaka 2024, ilipotoka MacBook Air ya M3, ile ya gigabaiti 256 ilirejeshewa chipu mbili na kasi yake ikapanda tena. Ikiwa tofauti haikuwa na maana yoyote, mbona ikarekebishwa?

Nisije nikaonekana kwamba naiandama kampuni moja. Mwaka 2021 ulikuwa mwaka wa aibu kwa wauzaji wa SSD zenyewe, zile zinazonunuliwa kando na kupachikwa ndani ya mashine. Western Digital ilibadilisha chipu za SSD yake iitwayo SN550 bila kubadilisha jina, na kasi yake ya kuandika, mara inapoelemewa na mzigo mkubwa, ikashuka kutoka takriban megabaiti 600 hadi takriban 400 kwa sekunde. Crucial nayo ilibadilisha chipu za SSD yake iitwayo P2, ikatoka kwenye aina inayohifadhi biti tatu katika kila seli ikaingia kwenye ile ya biti nne, iliyo rahisi kwa bei na nzito kwa kuandika. Waliosoma sifa zake katika majarida walikuwa wamesoma sifa za bidhaa nyingine kabisa. Baada ya kelele, Western Digital iliahidi kwamba siku za usoni ingetoa nambari mpya ya modeli inapobadilisha vitu vya aina hiyo. Kelele za wanunuzi, basi, hazipotei hewani.

Sasa turejee kwenye ile hoja kwamba kasi hii haina uzito katika kazi za kila siku. Haki inatulazimu kuisikiliza, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa kwa upande wa pili. Nambari kubwa zinazotangazwa, zile za maelfu ya megabaiti, ni kasi ya kusoma faili moja kubwa mfululizo. Ni kama lori lililobeba shehena moja kutoka Mombasa hadi Nairobi usiku, barabara ikiwa nyeupe. Lakini kazi ya kawaida ya tarakilishi haifanani na lori hilo. Inafanana zaidi na tarishi wa pikipiki anayepeleka bahasha moja moja katika mitaa, akisimama kila mlango, akibisha na kusubiri. Kufungua programu ni kusoma maelfu ya vijifaili vidogo vilivyotapakaa, si shehena moja iliyopangwa.

Katika kazi hiyo ya tarishi, SSD zote zilizo nzuri hukaribiana sana. Ile yenye kusoma megabaiti 7,000 mfululizo, ikipewa vipande vidogo vidogo kimoja baada ya kingine, husoma makumi tu ya megabaiti kwa sekunde. Ile ya kizazi cha nyuma nayo husoma makumi. Diski ya zamani ya kuzunguka, katika jaribio hilohilo, huhangaika kufikia megabaiti moja. Kwa hiyo hatua kubwa kuliko zote ni ile ya kutoka kwenye diski ya kuzunguka kuingia kwenye SSD yoyote ile iliyo timamu. Aliyevuka hatua hiyo ameshaonja utamu. Atakayelipa maelfu ya shilingi zaidi ili apande kutoka megabaiti 3,500 hadi 7,000, na kazi yake ni kuandika barua, kusoma habari na kupokea barua pepe, atakuwa amenunua kasi ya kujivunia na wala si ya kutumia.

Lakini hapo hapo pana mambo ambayo watetezi wa hoja hiyo huyapita kimya.

La kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM. Mashine yenye gigabaiti 8 tu za kumbukumbu hiyo, mtumiaji anapofungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na programu nyingine kadhaa, huishiwa nafasi. Inapoishiwa, huazima nafasi katika SSD na kuanza kuhamisha vitu huku na huko. Wakati huo mlango mwembamba unahisiwa na kila mtu, kwa maana mashine nzima husita kama punda aliyefika mtoni. Na ndizo hizo mashine za gharama ya chini kabisa katika jamii ya ghali, zenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, zilizopewa chipu moja ya hifadhi. MacBook Air ya msingi ilibaki na gigabaiti 8 hadi Oktoba 2024, ilipopandishwa hadi 16. Mwenye kipato kidogo aliyejinyima ili apate angalau ile ya chini ndiye aliyebebeshwa udhaifu mara mbili.

La pili ni wale ambao kazi yao kweli ni ya lori. Mpiga picha za video za harusi anayerudi Jumapili usiku na mamia ya gigabaiti kwenye kadi zake, mhariri wa filamu, mhandisi anayechakata ramani: hao husoma na kuandika mafaili makubwa mchana kutwa. Kwao nusu ya kasi ni nusu ya siku.

La tatu ni ujanja wa nambari ya kuandika. SSD nyingi za kisasa hutenga sehemu ya seli zake zitumike kama baraza la mapokezi lenye wepesi mkubwa. Ukiandika kidogo, mzigo hupokelewa barazani na nambari hung'ara. Ukiandika kwa mfululizo mpaka baraza lijae, kasi huporomoka, na katika baadhi ya zile za biti nne kwa seli huporomoka hadi chini ya diski ya zamani ya kuzunguka. Tena kadiri SSD inavyokaribia kujaa ndivyo baraza linavyopungua. Tangazo hupima barazani. Maisha hupima ndani ya ghala.

La nne ni wembamba wenyewe. Chipu na kidhibiti chake, vikifanya kazi kwa bidii, hupata joto. Katika mashine kubwa yenye nafasi na feni, joto hutoka. Katika kipakatalishi chembamba, hasa kisicho na feni kabisa, joto halina pa kwenda, na kidhibiti hujipunguzia kasi ili kisiungue. Kwa sababu hiyo SSD ileile yaweza kukimbia katika mashine moja na kukokota miguu katika nyingine. Wembamba tunaoulipia una kodi yake, na kodi hiyo hulipwa kwa kasi.

La tano, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba katika vipakatalishi vingi vyembamba mnunuzi hana nafasi ya kutubu. MacBook Air za kuanzia 2010 hadi 2017 zilikuwa na SSD iliyofungwa kwa skrubu, na fundi mwenye mkono mzuri angeweza kuitoa na kuweka nyingine. Kuanzia ile ya mwaka 2018, chipu zimelehemiwa kwenye bodi kuu. Utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Vipo vyembamba vya watengenezaji wengine ambavyo bado vina kipande cha kuchomoa cha aina ya M.2, na mtu akitaka kubwa zaidi au ya haraka zaidi hununua na kubadilisha. Kati ya mashine mbili zinazolingana kwa mengine yote, hiyo yenye kuchomolewa ina thamani ambayo haiandikwi kwenye bei.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Wanaonunua kipakatalishi kipya cha bei hiyo kila miaka miwili ni wachache. Wengi wetu hununua kimoja na kukitumia hadi kichakae, na wengi zaidi hununua kilichokwisha kutumiwa Ulaya au Marekani, kikasafirishwa na kuuzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi au kwingineko. Humo madukani neno "SSD" limegeuzwa hirizi. Linatamkwa na mauzo yanafungwa. Lakini SSD si moja. Ile inayopita njia ya zamani ya SATA haiwezi kuvuka takriban megabaiti 550 kwa sekunde hata ifanye nini, kwa kuwa njia yenyewe ndiyo yenye kikomo. Inayopita njia ya PCIe ya kizazi cha tatu hufika takriban 3,500. Ya kizazi cha nne takriban 7,000. Na ya kizazi cha tano huvuka 10,000. Chini ya hizo zote ipo jamaa yao mnyonge iitwayo eMMC, inayopatikana katika mashine nyembamba za bei nafuu, ambayo aghalabu hubaki kwenye megabaiti 300 hivi. Nyembamba za bei nafuu nazo zinapendeza macho, na wasiojua huzifananisha na zile za ghali.

Je, sheria yetu inasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na pia haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo inaharamisha madai ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Mimi naona kwamba kutaja ukubwa wa hifadhi kwa herufi nene na kunyamaza kuhusu kasi yake, hali inajulikana kwamba kasi hiyo yaweza kuwa nusu ya ile ya mashine ya jina hilohilo, ni kumnyima mnunuzi habari anazozihitaji. Unga wa mahindi huandikwa uzito wake. Gari huandikwa ukubwa wa injini yake. Balbu huandikwa wati zake. Kwa nini mashine ya bei ya ng'ombe wawili iuzwe kwa kutaja ukubwa wa tumbo lake tu?

Ombi langu kwa watengenezaji na waagizaji si kubwa. Waandike juu ya sanduku kasi ya chini kabisa ya kusoma na kuandika ambayo mnunuzi amehakikishiwa, kwa kila ukubwa wa hifadhi na si kwa ule mkubwa pekee. Waandike njia inayotumika, kama ni SATA au PCIe, na ya kizazi gani. Waandike kama SSD inaweza kuchomolewa au imelehemiwa. Na wakibadilisha chipu katikati ya mwaka, wabadilishe na nambari ya modeli. Asiye na la kuficha hatapungukiwa na chochote kwa kufanya hivyo.

Nasi wanunuzi tusikae tukisubiri hisani. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji akuwashie mashine na akupimie. Zipo programu za bure zifanyazo kazi hiyo kwa dakika chache: CrystalDiskMark kwa mashine za Windows, na Blackmagic Disk Speed Test kwa zile za Apple. Nambari zikija, zisome hivi. Ikiwa kusoma mfululizo ni kama 100, unauziwa diski ya kuzunguka. Ikiwa ni kama 300, huenda ni eMMC. Ikiwa ni kama 500, ni SATA, nayo yatosha kwa kazi nyingi za ofisi na shule mradi bei yake iendane nayo. Ikiwa ni 1,500 na kupanda, uko kwenye njia ya PCIe, na usilipie zaidi ya hapo ila kazi yako iwe inadai. Kisha shusha macho kwenye mstari wa chini, ule wa vipande vidogo vidogo, kwa kuwa huo ndio utakaokutana nao kila siku. Kwa mashine iliyotumika, tazama pia afya ya SSD kwa programu kama CrystalDiskInfo, kwa maana chipu hizi huandikika kwa idadi yenye kikomo, na mwenye kwanza huenda alikula sehemu kubwa ya umri wake.

Muuzaji atakayekataa kupima amekwisha kukujibu. Mwache na mkakasi wake.

Iwapo una fedha za kuchagua jambo moja tu la kuongeza, ongeza kumbukumbu ya kazi kabla ya kufukuzia kasi ya SSD; mashine isiyolazimika kuazima nafasi haitegemei sana upana wa mlango. Zikibaki za kuongeza ukubwa wa hifadhi, kumbuka kwamba mara nyingi ukubwa wa pili huja na chipu zaidi, kwa hiyo na kasi zaidi: M2 ileile ya mwaka 2022, ilipokuwa na gigabaiti 512, haikuwa na ugonjwa wa mwenzake wa 256. Na kama fedha hazitoshi kwa lolote kati ya hayo, kipakatalishi kinene kidogo, chenye SSD ya kuchomoa na feni inayopumua, kitakufaa miaka mingi kuliko chembamba kilichobanwa pumzi.

Hakuna dhambi kupenda kitu kizuri. Wanaotengeneza mashine hizi ni mafundi hodari, na wembamba walioufikia ni kazi ya kustahiwa. Lakini fundi hodari haogopi kufungua kasha na kuonyesha kilichomo. Mzazi anayeuza mbuzi ili mwanawe aende chuoni na kipakatalishi ana haki ya kujua, kabla ya kulipa, kama amenunua wapagazi wawili au mmoja. Haki hiyo imo katika Katiba. Iliyobaki ni sisi kuidai pale dukani, kwa sauti, mbele ya wanunuzi wengine.